Mchanga wa Luka Bujiku

Dodoma,
14 Januari 2024

Shangazi yangu, Mama Boaz,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua imekukuta ukitafuta miwani. Mimi ni mzima, kifua kimepona, na ninakula vizuri ingawa ugali wa huku ni laini kama wa mgonjwa. Nisalimie Boaz na mkewe, na Blessing ambaye nasikia ameanza darasa la kwanza na tayari amempiga mwenzake. Mama yangu alinipigia kutoka Geita siku ya Krismasi. Yeye na mumewe wazima na wanakusalimu, japo hawakusema.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yako ni ya wateja wa karasha, hiyo mashine yako ya kusaga mawe ya dhahabu. Nikipiga, unafoka, "Viroba vingapi vya kusaga?" Nikisema ni mimi, unasema, "Haya, nimekusikia," unakata. Barua angalau huwezi kuikata mpaka umefika mwisho.

Nimepata kazi, Shangazi. Liko jumba jipya nje kidogo ya mji, linaitwa Jumba la Sanaa ya Leo. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti pembeni ya chumba na kuwaambia watu wasiguse. Nilisoma sanaa miaka mitatu, na sasa naweza kusema "usiguse" kwa lugha mbili. Jumba lenyewe limechorwa na mbunifu kutoka Ulaya, nalo lina umbo la karai kubwa lililoinamishwa upande. Mwenyewe anasema ni ua. Hakuna ukuta ulionyooka, milango haina vitasa, na katikati upo ukumbi mpana wenye paa la zege lisiloshikwa na nguzo hata moja. Kwa ukumbi huo alipewa tuzo. Watu wanasafiri kuja kulipiga picha kwa nje, wakimaliza wanauliza choo kiko wapi, kisha wanaondoka.

Sasa ombi. Mwezi wa sita sisi wafanyakazi tutapewa chumba kimoja cha kuonyesha kazi ya mmoja wetu, na Mkurugenzi, Bwana Eliya, amechagua yangu. Ninahitaji kiroba kimoja cha mchanga wa baba, ule wa nyuma ya nyumba chini ya turubai. Najua hujawahi kumruhusu mtu auguse. Lakini baba hana kaburi. Duara, shimo la dhahabu alilokuwa akichimba, lilimfunika mwaka 2010 na halikumrudisha, na kilichobaki cha mikono yake ni lile lundo la marudio, mchanga aliokwisha kuuosha akauweka aje auuze. Likizo zote nilikaa pale nikimsomea matokeo ya mitihani. Nataka na watu wa huku wakae naye kidogo. Ni hilo tu.

Mwanao,
Noela


Segese,
11 Februari 2024

Ng'wanone, mwanangu Noela,

Marahaba zote mbili. Moja nimeitumia, ya pili nimeiweka kwa siku utakayosahau.

Huku tunamshukuru Mungu. Ng'ombe yule mwekundu amezaa, ndama jike. Boaz amenunua pikipiki Jumatatu na Alhamisi akavunja mguu, kwa hiyo kazi ameifanya ndani ya wiki moja. Tulimpeleka hospitali ya Kolandoto, wakamfunga vizuri, sasa amekaa barazani anatoa amri kama mkuu wa wilaya. Blessing hakumpiga mwenzake, alimsukuma, na aliyesukumwa alikuwa amestahili. Mama yako mwambie salamu ambazo hakusema nimezipokea.

Kuhusu kazi, hongera. Tulikupeleka shule ili ukae kwenye kiti. Viti hata hapa vilikuwepo, na cha baba yako bado kiko imara. Jirani yetu Wiliam pale mwaloni, tunakooshea mchanga, analinda lundo lake la mchanga kwa mbwa, na mbwa yule hakusoma hata darasa moja, lakini hakuna anayegusa.

Na huyo mbunifu nimemfikiria sana wakati nasubiri umeme urudi. Kwetu karai likilala upande, maana yake kuna mtu ameosha siku nzima, hakupata kitu, amelitupa kwa hasira. Kama ndiyo ua lao, basi Segese tuna bustani. Na ukumbi usio na nguzo ndio umempa tuzo? Hapa mtu akiacha kuweka matimba ya kushikilia duara lake hapewi tuzo, hupewa arobaini. Usikae chini ya paa hilo, kiti chako kisogeze mlangoni. Nakwambia kama mzazi wala si kwa utani.

Kuhusu lile jambo la mwisho, mvua ni nyingi mwaka huu na turubai limefungwa. Tutaona.

Shangazi yako,
Scolastika


Dodoma,
10 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na hii ni mpya, usiijibu kwa ile ya akiba. Pole kwa mguu wa Boaz. Ndama mmempa jina gani? Huku wiki hii hakuna mvua, na ni bahati, maana paa la jumba limebinuka kama bakuli na hakuna anayejua maji yangepita wapi. Waliuliza, mbunifu akajibu kwa barua pepe ndefu kuhusu anga.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ina ukurasa mzima wa mguu wa Boaz na mstari mmoja wa mchanga wa baba. Mvua imeanza lini kuwa sababu yako? Wewe ni mtu uliyeendesha karasha siku mto ulipoingia jikoni.

Kama hutaki, sema hutaki. Kama ni mwiko, niambie ni wa nani na unatibiwaje. Kama unaogopa kwamba wenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu watasikia na kuja kusumbua, sitaitaja Segese. Lakini usinijibu "tutaona" kama vile mimi ni mteja aliyeleta mawe yasiyo na kitu. Mimi ni mtoto wake wa pekee na sijawahi kuomba chochote kutoka kwenye lundo lile.

Usipotuma nitakuja mwenyewe Pasaka, na koleo nitanunua Kahama.

Mwanao,
Noela


Segese,
2 Mei 2024

Noela,

Marahaba. Pasaka imepita na koleo sijaliona, nadhani ni kwa kuwa bei zimepanda. Ndama anaitwa Dodoma, kwa sababu hataki kunyonya bila kubembelezwa.

Kiroba chako kimeondoka Isaka juzi kwenye lori la Donatus, yule wa ukoo wa mke wa Boaz, anayepeleka mzigo Dar. Nimemwambia asikiweke karibu na saruji. Humo humo kuna mfuko wa michembe, viazi vyetu vya kukausha, ya kwako na ya hao wenzako wanaokaa kwenye viti. Waambie inalowekwa kwanza, asije mtu akavunjika jino ikawa kesi.

Mchanga ni mchanga, mwanangu. Uweke chini kama mchanga, usiuandikie mambo mengi. Watu wakiuliza, waambie umetoka machimboni. Si lazima kila kitu kiwe na jina.

Karasha limenguruma wiki nzima na masikio yananivuma, kwa hiyo naishia hapa.

Shangazi yako,
Scolastika


Dodoma,
16 Juni 2024

Shangazi, Mama Boaz, Mama Karasha,

Shikamoo kwa magoti mawili. Kiroba kilifika salama. Michembe iliisha siku hiyo hiyo, na mlinzi wa mlangoni, Marselino, ameuliza kama una binti mwingine.

Nimekifungua chumba Jumamosi. Ni chumba cheupe kisicho na dirisha. Nimeumwaga mchanga wote sakafuni katikati, nikaufanya lundo dogo kama lile la nyumbani, na juu yake taa moja. Ukutani nimeandika kwa herufi za kubandika, "Luka Bujiku, 1971–2010", na chini yake mistari miwili kwamba mchanga huu aliuleta juu yeye mwenyewe, kisha akarudi chini. Nimekuasi, nimeandika jina. Nisingeweza kuacha.

Hutaamini. Watu wanavua viatu bila kuambiwa. Wanaingia wakiongea habari za chakula, wakisoma wanakaa sakafuni. Bwana Eliya alitokwa na machozi, na huyu ni mtu ambaye mtu akimpa salamu za pole hujibu, "Nitumie kwa maandishi." Kwa mara ya kwanza tangu lilipofunguliwa, wageni wanamaliza kupiga picha jumba halafu wanaingia ndani.

Mimi mwenyewe asubuhi, kabla ya kufungua, nakaa naye dakika kumi. Nina furaha, Shangazi. Sikujua ningeandika neno hilo pamoja na jina lake katika barua moja.

Tiketi yako ya treni imo humu, Isaka mpaka Dodoma, tarehe 22 Julai. Nimekwisha kulipa, kwa hiyo najua utakuja, maana hujawahi kuacha kitu kilicholipiwa. Boaz ana miguu miwili sasa, karasha ataliendesha yeye.

Mwanao,
Noela


Segese,
11 Agosti 2024

Noela, ng'wanone,

Nimefika salama, wabeja sana kwa ukarimu. Nyumbani wote wazima. Boaz ameliendesha karasha siku nne na mkanda umekatika mara tatu. Blessing anataka kujua kama niliona bunge. Nimemwambia niliona nyumba iliyopinda, akasema ndiyo hiyo hiyo.

Uliniomba nikuandikie nilivyoliona jumba lenu, nami ni mtu wa kutimiza. Kwanza nilitafuta mlango. Nililizunguka karai lile mara tatu nikiusalimia kila ukuta, mpaka Marselino akaniita, "Mama, umeupita tena." Nikasogea, ukuta ukajifungua wenyewe. Nyumba inayonifungulia kabla sijapiga hodi naona kama inanitaka kitu. Na kweli, hapo hapo walinitaka mkoba, pamoja na karanga zangu.

Ukumbi wa tuzo niliuona. Wewe ulicheka nilipopita pembeni, mgongo ukutani, na wanafunzi waliokuja kutembea nao wakacheka. Nawe umesahau kwamba hivyo ndivyo anavyopita mtu aliyefundishwa na maduara. Juu wametundika majembe mia kwa nyuzi, makali yakitazama vichwa vyetu. Yule mwenye kueleza akasema yanaonyesha uchungu wa mkulima. Nikamuuliza, "Na huyo mkulima sasa analimia nini?" Akasema hilo ni swali zuri, akaenda kwa wengine. Kuna chumba cha televisheni ambamo mwanaume amelala saa tatu bila kugeuka, na watu wamekaa wanamtazama. Mimi nimekaa na mwanaume wa namna hiyo miaka ishirini na sita bila mtu hata mmoja kuniuzia tiketi.

Lakini sikatai, mwanga wa jumba lile ni mzuri. Unaingia kwa juu polepole na hauchomi macho. Mbunifu wenu hajui nguzo, ila mwanga anaujua. Mwambie nimesema.

Chumba chako nimekiona. Kimekaa vizuri. Taa imekaa vizuri, jina limeandikwa vizuri. Pale alikuwepo mama mmoja wa Kizungu amekaa sakafuni analia, nikampa leso yangu na hakunirudishia. Halafu nikashikwa na mafua, ndiyo maana nikatoka, na asubuhi nikaona niwahi treni.

Usiache kula.

Shangazi yako,
Scolastika


Dodoma,
1 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mkanda wa karasha umepona, na wewe pia, maana mafua yako ni ya ajabu.

Tiketi yako ya kurudi ilikuwa ya Ijumaa. Uliondoka Jumatano kabla sijaamka, ukaniachia kitanda kimetandikwa na noti chini ya sahani kama mgeni wa hotelini. Nilikaa mwezi mzima nikisubiri uniambie kwa nini. Umeniandikia kuhusu majembe.

Kwa hiyo nitakuandikia mimi nilichoambiwa na Marselino, kwa kuwa ameshindwa kukaa nacho. Siku ile ya Jumanne, wakati wa chakula nilipokwenda kukununulia soda, ulirudi peke yako kwenye chumba cha baba. Ulipiga magoti. Ulichota mchanga, na yeye akakuacha, akisema huyu ndiye mwenyewe. Ukausugua kiganjani, ukautemea mate, ukauinua kwenye taa kama tunavyofanya mwaloni. Halafu ukacheka. Ukacheka kwa sauti, akashtuka. Kisha ukakaa chini na kicheko kikageuka, ukalia mpaka ikabidi afunge mlango, kwa sababu wageni walikuwa wameanza kusogea wakidhani na wewe ni sehemu ya maonyesho.

Ulicheka nini, Shangazi? Na kama ulikuwa na kilio cha namna hiyo miaka yote, kwa nini ulikuja kukitoa kwa Marselino?

Sitakuuliza habari za ndama wala za Blessing. Ukijibu, jibu hili.

Noela


Segese,
20 Oktoba 2024

Noela,

Leo sina salamu. Nimeanza barua hii mara nne na kila mara nikajikuta nakuandikia bei ya dizeli.

Mchanga ule si wa baba yako. Ni wa Wiliam.

Sikiliza nikueleze, na usome mpaka mwisho kama ulivyonilazimisha mimi. Duara lilipoanguka, wewe ulikuwa Geita kwa mama yako na tulikuficha. Mwenye duara alikaa siku mbili, ya tatu hatukumwona tena. Wachimbaji walikuwa tayari kumfuata baba yako, lakini chini kulikuwa na maji, walitaka pampu, mafuta na chakula. Sikuwa na kitu. Nilikuwa na lundo la kaka yangu. Nikamwita mwenye mtambo wa kuchenjulia, akaja na lori siku ile ile, tukaupakia mchanga wote mpaka nikafagia. Nililiuza alilolitoa ardhini ili nimtoe yeye ardhini. Niliona ni sawa, hata leo naona ni sawa, na sijuti hilo.

Tulichimba siku tisa. Siku ya tisa maji yalirudi, na ukuta wa juu ukafanya ufa. Walikuwa wawili chini ya ufa ule, Abel na Thobias, wote wana watoto. Kila mtu pale akanitazama mimi, kwa sababu pampu ilikuwa yangu na aliyekuwa chini alikuwa wangu. Padri alikuwepo, mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, wanaume zaidi ya thelathini walikuwepo. Hakuna aliyefungua mdomo. Nikasema basi. Noela, niliyesema tumwache baba yako kule chini ni mimi, na sikusema kwa kulia, nilisema kama ninavyowaambia wateja kwamba tumefunga.

Wiki iliyofuata ukaletwa. Ulikuwa na miaka kumi na moja, ukauliza jambo moja tu, "Mchanga wa baba uko wapi?" Maana alikuwa amekuahidi kuuosha na wewe. Siku moja kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kuhisi kwamba utauliza. Nilimwomba Wiliam mkokoteni mmoja, akaja akamwaga, tukafunika turubai. Nilidhani ni kwa wiki moja, mpaka upate nguvu. Kisha nikakukuta umekaa pale na daftari unausomea hesabu. Ningekuambiaje kwamba unamsomea Wiliam?

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka kumi na nne, imepanda lori la Donatus, na imefika Dodoma imewekewa taa. Kila masika nimefunga turubai lile kwa mikono yangu. Na matanga ya kaka yangu sijayaanua mpaka leo, kwa sababu anayeanua ni yule aliyezika.

Uliuliza nilicheka nini. Nilimcheka mama yule wa Kizungu. Amelililia lundo la Wiliam, na Wiliam yu hai, ana wake wawili na jino la dhahabu. Halafu nikausugua mchanga nikaona bado una vichembe vinavyong'aa, maana yule mtu hata kuosha hajui, nikacheka zaidi. Kisha nikainua macho nikaliona jina la kaka yangu ukutani, zuri, limenyooka, katika nyumba ambayo hakuna kingine kilichonyooka. Nikakumbuka sauti yangu ya siku ile.

Ufanye utakavyo. Ukitaka kunichukia una haki, ila usiache kula.

Scolastika


Dodoma,
8 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni ya kweli, ipokee.

Barua yako nimekaa nayo wiki tano. Nilikasirika, naandika wazi kwa kuwa na wewe uliandika wazi. Nilikasirika kwa likizo zote zile. Nilikumbuka siku niliyoliambia lundo kwamba nimefaulu darasa la saba, na Wiliam akapita na ndoo yake, akasimama, akasema, "Hongera sana, mwanangu." Mtu pekee aliyejibu, na kumbe mchanga ulikuwa wake.

Nilimwendea Bwana Eliya kumwambia kwamba tumedanganya wageni. Akafikiri kidogo, akafurahi. Akasema sasa kazi imekuwa na nguvu zaidi, kwamba inauliza ukweli ni nini, na tusiguse kitu. Nimegundua kwamba katika jumba hili mtu hawezi kukosea hata akijitahidi. Ukuta ukipinda unapewa tuzo, mchanga ukiwa wa jirani unakuwa swali. Nikamwambia yeye ndiye asiguse. Nikaingia na kisu cha jikoni nikalibandua jina la baba, herufi moja moja, na herufi hizo ziko kwenye bahasha kabatini kwangu.

Nimeandika upya. "Scolastika Bujiku wa Segese. Mchanga wa jirani na turubai, 2010 hadi 2024. Aliuweka ili mtoto awe na mahali pa kukaa." Watu siku hizi hawavui viatu. Wanasoma, wanasimama kidogo, na Marselino anasema wengi wakitoka nje wanampigia mtu simu.

Nitakuja tarehe 20, na mama yangu atapanda basi kutoka Geita, tumekwisha kuzungumza. Tutaanua matanga. Padri akiuliza tumezika nini, nitamjibu mimi, wewe utakuwa jikoni unalalamika kuhusu sufuria.

Nimebakiza jambo moja. Kila nilipoisoma barua yako, hasira yangu ilikuwa inaishia mahali pamoja, pale walipokutazama wote na hakuna aliyefungua mdomo. Wanaume zaidi ya thelathini, Padri na mwenyekiti, wakamwachia dada mtu aseme. Abel na Thobias walirudi kwa watoto wao kwa sababu yako, na hao watoto nimesoma nao. Mimi siku ile sikuulizwa. Nilikuwa Geita nacheza.

Sasa nina miaka ishirini na tano, na nimejiuliza mwenyewe, waendelee kuchimba au tumwache, nikiwa nimekaa sakafuni mbele ya mchanga wa Wiliam kabla hatujafungua mlango. Nikatamka kwa sauti ili nisije nikasema baadaye kwamba niliwaza tu. Nimesema basi. Tangu siku hiyo, Shangazi, hukusema peke yako. Tumesema wawili.

Mwanao,
Noela